Mama Jane Manning James na jamaa yake

Sisi tuliokulia vijijini tunajua maana ya safari ya miguu. Tunajua jinsi mzigo unavyozidi uzito kila kilima, tunajua mtoto anavyolia mgongoni, na tunajua furaha ya msafiri anapoona moshi wa kijiji anachokiendea. Ndiyo sababu tumechagua leo kuwasimulia habari za mama mmoja aliyesafiri safari mbili kubwa. Ya kwanza alitembea kwa miguu karibu kilometa 1,300. Ya pili ilikuwa ya kilometa 2,000 na zaidi, kufuata magari ya ng'ombe. Tena alikuwa na safari ya tatu, ambayo haikuwa ya miguu: aligonga mlango mmoja muda wa karibu miaka ishirini, na mlango ule haukufunguliwa hata siku ya kufa kwake.

Jina lake ni Jane Elizabeth Manning, na baada ya kuolewa aliitwa Jane Manning James. Alikuwa mtu mweusi wa Marekani, naye ni mmoja wa Wamormoni waliofika katika mwaka wa 1847 katika bonde la Ziwa la Chumvi, mahali panapoitwa leo Utah. Hatuandiki habari hizi ili kusifu dini ya Wamormoni, wala ili kuitukana. Imani yao si imani yetu. Lakini habari za mtu mwenye moyo mwema ni mali ya watu wote, na kosa walilotendewa watu weusi katika nchi ile ni kosa tunalopaswa kulijua.

Wamormoni walitoka wapi?

Kwanza tueleze kidogo, maana wasomaji wengi hawawajui watu hawa. Katika mwaka wa 1830, kijana mmoja wa jimbo la New York, jina lake Joseph Smith, alianzisha kanisa jipya. Alisema amepata kitabu kingine cha Mungu, nacho kinaitwa Kitabu cha Mormoni. Ndiyo sababu wafuasi wake wakaitwa Wamormoni. Wenyewe hulita kanisa lao Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Watu hao walipenda kukaa pamoja, kulima pamoja na kujenga miji yao wenyewe. Majirani wakawaogopa, wakawachukia. Katika mwaka wa 1838 gavana wa Missouri aliamuru wafukuzwe katika jimbo lake. Wakavuka mto Mississippi, wakajenga mji katika Illinois, kando ya mto ule ule. Mji huo waliuita Nauvoo. Kutoka huko wakatuma wahubiri pande zote, hata mashariki, karibu na bahari. Mmoja wa wahubiri hao akafika Connecticut, naye ndiye aliyebadili maisha ya Jane.

Mtoto aliyetumwa kazi

Jane alizaliwa Wilton, katika jimbo la Connecticut, karibu mwaka wa 1822. Mama yake, Phyllis, alizaliwa utumwani. Katika Connecticut utumwa haukuondolewa siku moja: ulipunguzwa kidogo kidogo kwa sheria iliyoanza mwaka wa 1784, na ulikwisha kabisa mwaka wa 1848. Kwa hiyo Jane alizaliwa huru, lakini katika nchi ambayo watumwa walikuwamo bado.

Uhuru wa maskini haumshibishi. Baba yake, Isaac Manning, alikufa mtoto angali mdogo. Jane alipokuwa na umri wa karibu miaka sita alipelekwa kukaa katika nyumba ya Wazungu matajiri, jamaa ya Fitch, ili afanye kazi. Huko alijifunza kufua, kupiga pasi na kupika. Hivyo tangu utoto jina lake la kwanza mbele ya watu lilikuwa mtumishi. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hili, maana litarudi mwishoni.

Alipokuwa msichana alizaa mtoto wa kiume, Sylvester. Baba wa mtoto huyo Jane hakumtaja katika masimulizi yake. Mama Phyllis alisaidia kumlea mjukuu, na Jane akaendelea na kazi yake. Katika mwaka wa 1841 aliingia kanisa la Waprotestanti la New Canaan, lakini moyo wake ulikuwa ukitafuta bado.

Katika mwaka wa 1842 alifika mhubiri wa Wamormoni, Charles Wesley Wandell. Mchungaji wa Jane alimkataza kwenda kumsikiliza. Jane akaenda. Aliporudi alikuwa amekwisha kuamini, na muda si mrefu akabatizwa. Wengine wa jamaa yake wakamfuata: mama yake, kaka zake na dada zake. Mwaka uliofuata wakakata shauri kuhamia Nauvoo.

Alama za damu njiani

Waliondoka mwaka wa 1843, wakati wa majani kuanguka, pamoja na waamini Wazungu. Walisafiri kwa mashua mpaka Buffalo, mji ulio kando ya ziwa Erie. Hapo taabu ikaanza. Wazungu waliendelea na safari. Jane na watu wake, wote weusi, walidaiwa nauli ambayo hawakuweza kulipa, wakakataliwa. Masanduku ya nguo yalitangulia mbele, wenyewe wakabaki bandarini.

Wangefanya nini? Kurudi nyuma hawakutaka. Basi wakaanza kutembea. Walikuwa mama Phyllis, kaka zake Isaac na Peter, dada zake Sarah na Angeline, mashemeji, na watoto. Kutoka Buffalo mpaka Nauvoo ni karibu kilometa 1,300, na baridi ilikuwa imekwisha kuingia.

Jane mwenyewe alisimulia mambo ya njia hiyo alipokuwa mzee. Viatu vyao viliisha kabisa. Miguu ilipasuka, ikatoka damu, hata nyayo zao zikaonekana nyekundu katika udongo. Hapo wakasimama, wakapiga magoti, wakamwomba Mungu awaponye miguu, na Jane alisema kwamba ombi lao lilisikilizwa. Siku nyingine walifika kwenye mto usio na daraja, wakaingia majini, na maji yakawafika shingoni. Usiku mwingine walilala nje, na asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya nguo zao, mweupe kama theluji.

Lakini hatari kubwa haikuwa mto wala baridi. Katika Illinois, mji wa Peoria, wakubwa wa mahali waliwasimamisha wakataka barua za uhuru. Mtu mweusi asiye na barua hiyo aliweza kutiwa gerezani kama mtumwa aliyetoroka. Jane na watu wake hawakuwa na barua yo yote, kwa sababu hawakuwa watumwa hata kidogo: mtu ambaye hakufungwa kamwe atapata wapi karatasi ya kufunguliwa? Walieleza kwa shida nyingi, mwisho wakaachwa waende.

Wasomaji wetu, tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Wazungu waliobatizwa na mhubiri yule yule walifika Nauvoo bila kuulizwa cho chote. Ubatizo ulikuwa mmoja, njia zikawa mbili.

Katika nyumba ya Joseph Smith

Walifika Nauvoo wakiwa wamechoka sana, nguo zao zimeraruka. Wakapelekwa kwa Joseph Smith na mke wake Emma. Joseph aliwaketisha, akaita rafiki zake waliokuwa nyumbani, akamwomba Jane awasimulie safari yao. Kisha akawapokea wakae kwake mpaka wapate makao.

Siku zikapita, na wote wakapata mahali pa kukaa na kazi. Jane peke yake akabaki. Alilia, maana hakuwa na nyumba wala nguo: sanduku lake lilikuwa limepotea njiani. Joseph na Emma wakamwambia kwamba nyumba anayo, ni hiyo hiyo. Akabaki kwao, akafua nguo na kufanya kazi za nyumbani.

Katika siku hizo likatokea jambo ambalo Jane hakulisahau kamwe. Emma alimwuliza kama angependa afanywe mtoto wao. Katika dini ya Wamormoni kuna ibada ya kuwaunganisha watu wawe jamaa moja hata baada ya kufa. Jane hakuelewa maneno hayo, akanyamaza. Baada ya majuma mawili Emma akamwuliza mara ya pili. Jane akajibu hapana, kwa kuwa hakujua maana yake. Alikuwa mgeni, alikuwa mtumishi, na hakuna aliyemweleza vizuri. Alipokuja kufahamu, wale waliomwita mtoto hawakuwapo tena karibu naye.

Tarehe 27 Juni 1844 Joseph Smith aliuawa kwa risasi na kundi la watu katika gereza la Carthage. Jane alihuzunika hata akatamani kufa naye. Baadaye aliingia kufanya kazi katika nyumba ya Brigham Young, aliyeshika uongozi wa Wamormoni walio wengi. Huko aliolewa na Isaac James, mtu mweusi huru aliyetoka New Jersey, aliyekuwa Mmormoni kabla yake.

Kwenda magharibi

Chuki ya majirani haikwisha. Katika mwaka wa 1846 Wamormoni walianza kuuacha mji wa Nauvoo. Jamaa ya Manning ikagawanyika hapo: wengi wakabaki nyuma, lakini Jane, mumewe Isaac na mtoto Sylvester wakafuata msafara. Jane alikuwa na mimba. Mwezi wa Juni 1846, wakiwa njiani katika Iowa, alizaa mtoto wa kiume, wakamwita Silas.

Wakapitisha wakati wa baridi kando ya mto Missouri, katika kambi ambako watu wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Katika mwaka wa 1847 wakaanza kuvuka mbuga kubwa. Kundi la kwanza, lililoongozwa na Brigham Young mwenyewe, lilifika bonde la Ziwa la Chumvi mwezi wa Julai. Ndani ya kundi hilo walikuwamo watu weusi watatu, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby, nao walikuwa watumwa wa Wamormoni waliotoka kusini. Jane na jamaa yake walifuata katika makundi ya nyuma, wakafika tarehe 22 Septemba 1847. Wao walikuja huru, kwa mapenzi yao wenyewe.

Siku ile bonde lile lilikuwa bado mali ya nchi ya Meksiko. Lilipita mikononi mwa Marekani mwaka wa 1848. Nchi ilikuwa kavu, milima pande zote, na ziwa lenye chumvi kuliko bahari. Mvua haba, kwa hiyo walichimba mifereji kuleta maji ya milimani katika mashamba. Mwezi wa Mei 1848 Jane alizaa binti, Mary Ann, mtoto mweusi wa kwanza kuzaliwa katika makao hayo mapya. Mwaka huo huo makundi ya wadudu wenye mfano wa panzi yalishuka yakala mimea michanga, na njaa ikaingia katika nyumba nyingi.

Nusu ya unga

Katika mwaka wa 1849 kulikuwa na mama mmoja Mzungu, Eliza Partridge Lyman, mke wa mmoja wa wakubwa wa Wamormoni. Mume wake alitumwa California, akamwacha bila chakula na bila njia ya kukipata. Eliza alikuwa na desturi ya kuandika mambo ya kila siku katika daftari. Mwezi wa Aprili aliandika kwamba Jane James, yule mwanamke mweusi, amempa ratili mbili hivi za unga, nazo zilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao.

Ratili mbili hazifiki kilo moja. Ni unga wa kuliwa siku moja au mbili. Lakini Jane alikuwa na mume na watoto watatu, na mavuno yalikuwa mbali. Hakuna aliyemlazimisha. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tena tuangalie jambo moja: Jane katika masimulizi yake hakujisifu kwa unga ule. Tunaujua kwa sababu aliyepokea ndiye aliyeandika. Sadaka ya namna hiyo ndiyo yenye thamani, ile ambayo mkono wa kushoto hauna habari nayo.

Furaha na machozi ya jamaa

Miaka iliyofuata Isaac na Jane walifanya kazi kwa bidii. Isaac alilima, tena alikuwa mwendesha gari la farasi la Brigham Young. Jane alifua nguo za watu, alisokota nyuzi, alitengeneza sabuni. Wakapata kiwanja, shamba, farasi, ng'ombe na kondoo kidogo. Watoto wakaongezeka: baada ya Mary Ann wakazaliwa Miriam, Ellen Madora, Isaac, Jessie na Vilate. Ilikuwa nyumba ya watu wanaojitegemea.

Hali ya watu weusi wengine katika nchi ile haikuwa hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1850 iliandika watu weusi 50 katika Utah: 24 huru na 26 watumwa. Katika mwaka wa 1852 baraza la Utah lilitunga sheria ya kuukubali utumwa, na ulidumu mpaka serikali kuu ya Marekani ilipoupiga marufuku katika majimbo yake mapya mwaka wa 1862. Mwaka ule wa 1852 Brigham Young alitangaza mbele ya watu kwamba watu weusi hawawezi kupewa ukuhani katika kanisa lake. Lakini kabla ya hapo, wakati wa Joseph Smith, mtu mweusi aliyeitwa Elijah Abel alikuwa amekwisha kuupokea, mwaka wa 1836. Kwa hiyo katazo lile halikuwapo tangu mwanzo. Liliingizwa na watu.

Karibu mwaka wa 1870 nyumba ya Jane ikavunjika. Isaac akaondoka, wakaachana, akamwuzia Jane haki yake katika mali yao. Jane akabaki na watoto na deni na kazi ya kufua. Katika mwaka wa 1874 aliolewa na Frank Perkins, lakini ndoa hiyo haikudumu ila miaka miwili hivi. Wakati ule ule kifo kikaingia: Mary Ann alikufa mwaka wa 1871, Silas mwaka wa 1872, Miriam mwaka wa 1874. Mama huyo akawa tena mlezi, safari hii wa wajukuu.

Baada ya miaka ishirini hivi Isaac alirudi, mzee na mgonjwa. Jane akampokea. Isaac alikufa mwaka wa 1891, na mazishi yake yakafanyika katika nyumba ya mke aliyemwacha. Hatuna haja ya kuongeza neno hapa; kila mwenye nyumba atafahamu.

Mlango usiofunguliwa

Sasa tunafika kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni. Wamormoni wana mahekalu, nayo si sawa na makanisa yao ya kila juma. Katika hekalu hufanya ibada ambazo kwao ni za lazima, ili mtu apate utukufu mkubwa mbinguni na jamaa isitenganishwe na kifo. Watu weusi walikatazwa ibada hizo kubwa. Jane alitoa sadaka yake kwa ujenzi wa mahekalu, aliruhusiwa kubatizwa kwa ajili ya jamaa zake waliokufa, lakini zaidi ya hapo hapana.

Mwezi wa Desemba 1884 alimwandikia barua John Taylor, aliyekuwa mkubwa wa kanisa. Alimkumbusha kwamba Mungu alimwahidi Abrahamu kwamba mataifa yote yatabarikiwa katika uzao wake, akauliza kama kwa watu wa rangi yake hakuna baraka. Alikumbusha pia neno la Emma, akaomba sasa afanywe mtoto katika jamaa ya Joseph Smith, kama alivyoulizwa zamani. Jibu lilikuwa hapana. Akaomba kwa wakubwa waliofuata, mmoja baada ya mwingine, kwa barua na kwa kwenda mwenyewe. Barua zake ziliendelea mpaka mwaka wa 1903, alipokuwa na umri wa miaka themanini hivi.

Kumpa alichoomba hawakutaka, kumfukuza hawakuweza. Basi wakatunga njia yao. Tarehe 18 Mei 1894, katika hekalu la Salt Lake City, walifanya ibada ya kumwunganisha Jane na Joseph Smith. Hawakumwunganisha kama mtoto. Walimwunganisha kama mtumishi wa nyumba yake kwa milele. Na Jane mwenyewe hakuruhusiwa kuingia: mwanamke Mzungu alisimama mahali pake.

Wasomaji, mtakumbuka mtoto wa miaka sita aliyepelekwa nyumbani kwa matajiri kufua. Baada ya karibu miaka sabini ya taabu, alipoomba jina la mtoto alipewa tena jina la mtumishi, na sasa hata mbinguni. Jane hakuridhika. Miezi michache baadaye alikwenda tena kuomba.

Watu wa mji walimheshimu, twaweza kusema hata walimpenda. Walimwita Shangazi Jane. Kaka yake Isaac Lewis Manning alikuja kukaa naye uzeeni, na wote wawili walikuwa na viti vyao maalum mbele, katika jumba kubwa la kusalia. Alipokufa, tarehe 16 Aprili 1908, macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka, na katika watoto wake wote wawili tu walikuwa hai, Sylvester na Ellen. Mkubwa wa kanisa, Joseph F. Smith, alisema maneno ya sifa katika mazishi. Ndiye yule yule aliyepokea barua ya mwisho ya mwaka wa 1903. Ni rahisi kumsifu maskini akiwa jenezani kuliko kumfungulia mlango akiwa hai.

Habari hizi zimetufikiaje?

Tulipokuwa seminarini, mwalimu wetu wa historia alituzoeza kuuliza maswali matatu juu ya kila habari: nani amesema, alisema lini, na kwa nani? Tumuulize Jane vivyo hivyo. Yeye hakuandika maisha yake kwa mkono wake. Alipokuwa mzee aliyasimulia, na mama mmoja, Elizabeth Roundy, akayaandika. Alisimulia kwa watu wa kanisa lake, naye aliyataka masimulizi hayo yasomwe siku ya mazishi yake. Kwa hiyo hatushangai kwamba amesema mengi juu ya Joseph Smith, na machache juu ya ndoa zilizovunjika, na hakusema kitu juu ya baba wa Sylvester. Mtu ana haki ya kufunga chumba kimoja cha nyumba yake.

Lakini kuna ushahidi mwingine: daftari ya Eliza, hesabu za serikali, barua alizowatuma wakubwa, maandishi ya mikutano yao. Tukiweka vitu hivyo pamoja, tunaona mama wa kweli, si sanamu. Tunaona mtu mwenye imani isiyotingishika, na vilevile mtu mwenye kichwa kigumu kwa jambo la haki. Mambo hayo mawili hayakugombana ndani yake.

Baada yake

Wengi wa wazao wa Jane hawakudumu katika kanisa lile, na nani atawalaumu? Katazo lilikaa miaka mingine sabini baada ya kifo chake. Mwezi wa Juni 1978 wakubwa wa Wamormoni walitangaza kwamba ukuhani na ibada zote ziko wazi kwa watu wa kila rangi. Mwaka wa 1979 ibada aliyoiomba Jane ilifanywa kwa jina lake, akiwa kaburini muda wa miaka 71. Katika mwaka wa 2013 kanisa hilo liliandika wazi kwamba maelezo ya zamani, yaliyosema ngozi nyeusi ni alama ya laana, linayakataa. Na mwezi wa Julai 2022 sanamu za Jane na za wale weusi watatu wa mwaka wa 1847 zilisimamishwa katika Salt Lake City. Hata huku kwetu Kongo, Wamormoni walifungua hekalu lao Kinshasa mwezi wa Aprili 2019, na Wakongo wanaingia ndani yake mahali ambapo Jane alisimama nje.

Tumejifunza nini?

Watu wengine, wakisikia habari za Jane, husema: alikuwa mjinga, kwa nini hakuwaacha? Wengine husema: alikuwa mvumilivu, tumwige, tunyamaze. Sisi twaona kwamba wote wawili hawakumsikia vizuri. Jane hakuondoka, lakini pia hakunyamaza. Kila alipoambiwa hapana alisema asante kwa adabu, kisha akarudi mwaka mwingine na ombi lile lile. Uvumilivu wake haukuwa kukubali uongo. Alikuwa na hakika kwamba ahadi ya Abrahamu ni yake pia, na hakuna mkubwa aliyeweza kumwondolea hakika hiyo.

Na sisi tulio na kazi katika parokia na katika shule, tujiulize upande wa pili. Je, yuko mtu kwetu anayetoa nusu ya unga wake kila mwaka, anayefagia, anayepika siku za sikukuu, ambaye tunamsifu sana lakini hatumpi kiti penye shauri? Je, tunamwita mama yetu kwa mdomo, na moyoni tunamwandika mtumishi? Wamormoni wa zamani hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walimpenda Shangazi Jane kweli. Lakini walidhani upendo unaweza kukaa mahali pa haki, na haki ikangoja. Hapo ndipo walipokosa, nasi tunaweza kukosa hapo hapo.

Tena jambo dogo la mwisho. Tuwe na daftari. Wazee wetu wa kwanza waliotembea kwa miguu kwenda mafundisho, mama waliolea wageni wakati wa njaa, wengi wamebaki bila mtu wa kuandika habari zao. Elizabeth Roundy alikaa na mama kizee, akamsikiliza, akaandika. Eliza Lyman aliandika mstari mmoja tu juu ya unga. Kwa mistari kama hiyo, mwanamke ambaye wakubwa walitaka aitwe mtumishi kwa milele anajulikana leo kwa jina lake mwenyewe.